Mfuko wa baiskeli: vifaa na spea za kubeba ukitoka Tanga mjini (mwongozo kamili)

Tanga baiskeli ni usafiri wa kila mtu, simama Ngamiani asubuhi utamuona mzee na kikapu chake, mwanafunzi, muuza samaki, na jamaa kafunga godoro kwenye kerieri anakata kona bila hata kupunguza mwendo. Sasa wachungulie wanabeba vifaa gani. Wengi hawana kitu kabisa, na wale wachache wenye kimfuko wamejaza spana ambazo nusu yake haziingii kwenye nati yoyote ya baiskeli wanayoendesha, walinunua seti nzima kwa sababu inang'aa. Kwa hiyo huu mwongozo unaanzia kwenye baiskeli yako, dukani tutaenda baadae.

Hatua ya kwanza: unaenda wapi?

Ukizunguka mjini tu, Raskazone, Chumbageni, soko la Mgandini, mpaka Mabawa huko, beba pampu ndogo kama unayo na hela ya fundi, basi. Mafundi wapo kila mtaa, anakuzibia pancha huku unakunywa kahawa. Mapango ya Amboni nayo ni karibu, kilomita kama 8 kaskazini mwa mji, likikukuta la kukukuta unaweza hata kusukuma.

Mambo yanabadilika ukielekea kusini, Tongoni kwenye yale magofu ni kama kilomita 20 na Pangani yenyewe ni kama 50, au magharibi kwenda Muheza kilomita thelathini na kitu, na kama una miguu ya kupanda milima ya Usambara mpaka Amani basi hapo hata gari la kukuokoa utalisubiri. Huko kati kuna mashamba ya mkonge na minazi na jua la kukutosha, kijiji na kijiji vina umbali wake, na fundi unaweza kumpata ila tyubu ya saizi yako ukaikosa. Kanuni yangu mimi ni hii, kama kurudi kwa mguu kutazidi saa mbili, nabeba mfuko kamili. Chini ya hapo nabeba pampu, viraka na hela.

Hatua ya pili: izunguke baiskeli yako na daftari

Hii ndio hatua watu wanairuka halafu wanalia. Chukua baiskeli uani, anzia gurudumu la mbele mpaka la nyuma, kila nati na kila bolti unayoiona jiulize inafunguliwa na nini, andika. Dakika kumi na tano hazifiki.

Ukiwa na Phoenix au ndugu zake wa aina ile ya kizamani, karibu kila kitu ni nati za nje, kwa hiyo wewe ni mtu wa spana, nati za ekseli mara nyingi ni 14 au 15, za kiti na matgadi ni ndogo zaidi, ila usinisikilize mimi, pima za kwako maana baiskeli hizi zikishapita kwa mafundi watatu kila mmoja ameweka nati aliyokuwa nayo. Ukiwa na mauntenibaiki au ile ya mbio, nyingi ni alen ki, zile spana za pembe sita zinazoingia ndani ya bolti, namba 4, 5 na 6 zinamaliza sehemu kubwa ya kazi, na bisibisi ya nyota ya kurekebisha gia. Pedeli ni spana 15 au alen ki, na kumbuka pedeli ya kushoto inafunguka kinyume, yaani unaizungusha upande ambao kwa kawaida ungekuwa unakaza. Watu wameharibu nyuzi za kurenki, ule mkono unaoshika pedeli, kwa kutolijua hili.

Halafu soma tairi. Usiishie kwenye "26" au "28" iliyoandikwa kwa maandishi makubwa, tafuta namba ndogo yenye mstari katikati, mfano 50-559 au 37-590 au 40-635. Ile ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu, na hiyo ya pili ndio inayokataa utani. Mauntenibaiki ya inchi 26 ni 559. Baiskeli nyingi za mtumba za Kijapani, zile zenye kikapu mbele, nazo zinaandikwa 26 lakini ni 590. Milimita 31 za tofauti, tairi ya moja haikai kwenye nyingine hata uisukume na dua. Phoenix ya 28 ni 635, ya mbio na hizi za kisasa ni 622. Iandike kwenye simu, maana siku utakapomtuma mtu kwa bodaboda akununulie tairi mjini, "ya ishirini na sita" haitoshi.

Na mwisho valvu, ile ya kupitishia upepo. Zipo tatu. Ya baiskeli za kizamani ina kinati kinachobana sindano, na ndani kuna kimpira chembamba kinachozuia upepo usirudi. Ya pili ni nene, sawa na ya pikipiki na gari. Ya tatu nyembamba ndefu, ina kichwa kidogo unakilegeza kabla ya kujaza. Pampu yako lazima iendane na yako. Habari njema, kichwa cha pampu cha ile nyembamba kinashika na ile ya kizamani pia. Na kuna kidude cha shaba kidogo kama kofia, ukikifunga juu ya valvu nyembamba inageuka inakubali pampu ya pikipiki, bei yake haisumbui, weka kimoja kikae kwenye valvu moja kwa moja. Ukifika sheli na hicho kidude unaweza kuomba upepo, ila bonyeza kidogo kidogo uache, kompresa ile ilitengenezewa tairi za magari na ya kwako inaweza kupasuka mkononi.

Hatua ya tatu: pancha, hapa ndio tukae

Ukisafiri na baiskeli, shida yako kubwa itakuwa tairi. Mbigili ziko kila mahali kwenye njia za vumbi, mkonge nao ncha ya jani lake ni mwiba mgumu, kuna miiba ya porini na vioo karibu na vibanda. Kwa hiyo kama mfuko wako una nafasi ya vitu vichache tu, viwe hivi: tyubu moja nzima ya saizi yako, viraka na solusheni (gundi yake), kipande cha msasa, vijiti viwili vya kutolea tairi, na pampu. Kwa Phoenix ongeza vile vimpira vya sindano vitatu vinne, havina uzito, na kimoja kikikatika tyubu nzima inaonekana imetoboka kumbe ni kampira tu. Kabla hujatoa chochote tema mate kwenye valvu uone kama inatoa mapovu.

Tyubu ya spea ni ya nini kama una viraka? Ni ya haraka, na ni ya siku ya mvua, maana kiraka hakishiki kwenye tyubu yenye maji, na masika ya huku kuanzia Machi mpaka Mei utatafuta sehemu kavu mpaka uchoke. Pia kuna matundu hayazibiki, kama limetoboka pale shingoni kwenye valvu, hapo hakuna kiraka, ni kubadilisha.

Sasa namna ya kuziba, maana kubeba viraka bila kujua ni mzigo tu. Kwenye baiskeli ya kwiki rilizi, ile ambayo gurudumu linafunguka kwa kimkono bila spana, toa gurudumu. Kwenye Phoenix usilitoe, hasa la nyuma, lina kava ya cheni, breki za vyuma (zinazovutwa na fimbo za chuma badala ya waya), kerieri, ukishafungua vyote jua limezama. Niliwahi kukaa kwa fundi mmoja mzee Ngamiani, chini ya mwarobaini, kijana akaja anasukuma Phoenix imekaa chini nyuma.

"Shikamoo mzee. Nisaidie spana nitoe gurudumu."

"Marahaba mwanangu. Gurudumu tulitoe lina kosa gani?"

Mzee akailaza baiskeli ubavu, akaingiza vijiti viwili upande mmoja tu wa tairi, akaivuta tyubu nje mkono kwa mkono huku ekseli haijaguswa, akatia upepo kidogo, akaipitisha karibu na shavu lake taratibu na macho kafumba. Hakutumia hata beseni la maji. Alipousikia upepo akaweka alama kwa msumari, mkwaruzo wa msalaba ambao katikati yake ndio tundu.

Baada ya hapo utaratibu ni ule ule kwa kila baiskeli. Sugua na msasa eneo kubwa kuliko kiraka mpaka ule weusi wa kung'aa uishe, kama kuna mstari wa kiwandani uliosimama usugue mpaka ulale, usipoulaza upepo utapita chini yake. Paka solusheni nyembamba, nyembamba kweli. Halafu subiri. Hapa ndipo watu wanaharibu, wanabandika ikiwa mbichi. Iache kama dakika 5 mpaka ipoteze ung'aaji na ukigusa pembeni isinate kwenye kidole, ndio utoe karatasi ya kiraka na ubandike, ukandamize kuanzia katikati kwenda nje kwa nguvu ya kidole gumba, au gonga na mpini wa bisibisi juu ya jiwe lililo laini. Viraka vya kujibandika vyenyewe bila solusheni vipo, mimi sivipendi kwa joto la pwani, vinateleza pole pole na kesho yake tairi iko chini. Vibebe kama akiba, ukitumia kimoja fika nyumbani uzibe upya.

Kabla hujarudisha tyubu, pitisha kitambaa ndani ya tairi pande zote. Kitambaa kitanasa kwenye mwiba kabla ya kidole chako. Na tundu lenyewe linaongea: likiwa upande wa nje ni mwiba au kioo, yakiwa mawili yamekaa sambamba ulipiga shimo na upepo ulikuwa mdogo, likiwa upande wa ndani unaoangalia rimu basi angalia kichwa cha spoku kilichochomoza au utepe wa rimu uliokaa vibaya. Ukiziba tundu la aina hii ya mwisho bila kurekebisha utepe utaziba tena baada ya kilomita mbili.

Tairi lenyewe likichanika ubavuni, tyubu inatoka kama shavu la mtu anayepuliza nzumari, na hapo kiraka cha tyubu hakisaidii. Beba kipande cha tairi la zamani, ubavu wake ule mwembamba, saizi ya vidole vitatu, unakiweka ndani kati ya tairi na tyubu pale palipochanika. Kama huna, kipande cha tyubu nene ya pikipiki kilichokunjwa, au boksi gumu la maziwa lililokunjwa mara mbili, endesha taratibu upepo usijaze sana. Na kama kila kitu kimeisha, viraka hakuna, tyubu imeisha, kuna njia ya mwisho, jaza nyasi ndani ya tairi. Zijaze kwelikweli, shindilia mpaka mikono iume, nyasi kidogo zitazunguka tu ndani. Utafika, ukiwa unayumba, lakini utafika na rimu nzima.

Kuhusu pampu, chukua yenye mpira mrefu kidogo wa kuunganishia, zile zinazobana moja kwa moja kwenye valvu unaposukuma kwa nguvu zinayumbisha valvu mpaka inakatika shingoni. Vile vichupa vya gesi vya kujaza mara moja sivishauri huku, kikiisha kimeisha, na gesi yake inavuja kwenye mpira haraka kuliko upepo wa kawaida. Wa tyubulesi nao, wenye tairi zisizo na tyubu, dawa yenu ya pancha inakauka mapema kwenye joto, tikisa gurudumu usikilize kama bado kuna maji ndani, na bado beba tyubu.

Hatua ya nne: spana

Rudi kwenye daftari lako. Beba zile tu ulizoandika. Kwa Phoenix ni spana ya ekseli, moja ndogo yenye midomo miwili tofauti, bisibisi, na plaizi. Spana malaya, ile unayoweza kuupanua na kuubana mdomo wake, inaonekana ni jibu la kila kitu ila ya bei rahisi mdomo wake unalegea na kula pembe za nati, kama unabeba iwe ndogo na nzuri, iwe akiba. Kwa baiskeli ya alen ki nunua ile inayojikunja kama kisu, yenye bisibisi mbili na alen ki zote, inaenea kiganjani. Hakikisha tu inafika, kuna bolti za kushikia chupa na raba za breki zimejificha sehemu ambayo ile ya kujikunja haiingii, hilo utaligundua uani.

Hatua ya tano: cheni, waya, spoku

Cheni ya baiskeli isiyo na gia ina kiungo kimoja chenye kibanio, unakitoa na plaizi. Beba kiungo kimoja cha akiba. Ukirudisha kibanio, upande uliofunga uangalie mbele kule cheni inakoelekea, mdomo ulio wazi uwe nyuma, ukigeuza kinaweza kuchomoka kikigusa kitu. Cheni za gia ni nyembamba na zinatofautiana, ya gia 7 au 8 kiungo chake hakifai kwenye ya gia 10, kwa hiyo hesabu meno ya nyuma yana duara ngapi kisha nunua kiungo cha idadi hiyo, na beba kile kidude kidogo cha kusukumia pini. Kidude hicho kinakuokoa hata gia ya nyuma ikivunjika kabisa: unakata cheni, unaifupisha, unaifunga moja kwa moja kwenye duara moja la katikati, unaendesha kama baiskeli ya gia moja mpaka nyumbani.

Waya wa breki mmoja mrefu wa nyuma, unaweza kutumika na mbele. Kama breki zako ni za vyuma waya hauna kazi, beba nati na washa za ziada kwenye kimfuko cha nailoni maana zile breki zinapenda kumwaga nati njiani. Wanaopanda Amani waangalie raba za breki kabla ya kuondoka, kupanda ni jasho tu, kushuka ndio kunazila.

Spoku sibebi. Zinazokatika zaidi ni za nyuma upande wa friwili, yale meno ya nyuma yanayoshika cheni, na kuibadilisha lazima utoe friwili kwa kifaa chake maalum, barabarani huwezi. Iliyokatika izungushie kwenye jirani yake uifunge na gundi ya nailoni ili isigonge, na kama rimu imeyumba inagusa breki, legeza breki hiyo utumie nyingine taratibu. Ufunguo wa spoku ni mdogo, beba kama unajua kuutumia.

Halafu vitu vya kufungia: mpira wa tyubu ya zamani uliokatwa mkanda, kila mtu hapa Tanga anaujua, vile vikamba vya plastiki vya kufungia nyaya vitano sita, gundi ya umeme kidogo uizungushe kwenye pampu isichukue nafasi. Kamba ya katani nayo ipo tele huku na ni imara, ila haivutiki, mzigo ukicheza inalegea, ndio maana kwenye kerieri mpira unashinda.

Hatua ya sita: vya mwenye baiskeli

Haraka tu. Maji kuliko unavyodhani, jua la pwani halina huruma, na mengine yatatumika kutafutia pancha. Taa mbele na nyuma hata kama unategemea kurudi mchana, maana pancha mbili zinakula saa nzima na saa kumi na mbili na nusu jioni giza linaanza. Bendeji, dawa ya kidonda, kitambaa cha kufutia grisi. Simu yenye chaji na hela taslimu noti ndogo ndogo, kwa sababu ukikwama kweli utapakia baiskeli kwenye gari na kondakta anataka chake hapo hapo.

Hatua ya saba: kupakia na kutunza

Tyubu usiichanganye na spana. Wakati unaendesha vitu vinasuguana, ukija kuitoa baada ya miezi ina tundu tayari. Ipake poda ya mtoto, ikunje, iingize kwenye soksi ya zamani, soksi hiyo hiyo baadae unaivaa mkononi ukishika cheni. Spana zifute kwa kitambaa chenye oili kidogo kisha zifunge kwenye nailoni, upepo wa bahari una chumvi na ndani ya mfuko wenye jasho kutu inaanza bila taarifa. Solusheni ikishafunguliwa hata ukifunga vizuri inakauka yenyewe ndani ya tyubu yake, ibonyeze kila mwezi usikie kama bado laini, na nunua zile ndogo ndogo badala ya kopo moja kubwa. Vyote vikae chini ya kiti au kwenye kerieri, mgongoni acha, ukianguka hutaki spana iwe kati yako na lami.

Hatua ya nane: jaribio la uani

Jumapili moja toa mfuko wako, na mfuko huo tu, hakuna kwenda ndani kuchukua kitu. Toa upepo wote tairi la nyuma. Toa tyubu, irudishe, jaza kwa ile pampu ndogo mpaka iwe ngumu ya kuendesha, legeza kiti ukikaze, legeza usukani ukaze, fungua pedeli zote mbili, rekebisha breki. Popote utakapokwama na kutamani kifaa kilichoko ndani, hicho ndicho kinachokosekana kwenye mfuko. Na kifaa ambacho hukukigusa kabisa na hukioni kitagusa nini, kitoe.

Mkiwa kundi, pampu mbili zinatosha watu sita, kidude cha cheni kimoja, spana mgawane kulingana na aina za baiskeli zenu. Tyubu kila mtu abebe ya kwake ya saizi yake, na pampu moja akae nayo yule anayeendesha nyuma kabisa, maana aliyepata pancha ndiye anayeachwa nyuma na wa mbele wenye pampu wameshafika Kigombe, kijiji cha njia ya Pangani, wanakula muhogo.